Vizibo 25, daftari 35: kisa cha hesabu za kutoa katika darasa la pili

Mwalimu wa hisabati wa darasa la pili, katika shule moja ya msingi ya serikali wilayani Pangani, alileta swali lake kwenye kikao cha jumuiya ya ujifunzaji cha MEWAKA, vile vikao ambavyo walimu tunafundishana wenyewe kazini. Kila Alhamisi darasa lake hufanya hesabu kwa vitendo. Watoto wanaisubiri siku hiyo, mahudhurio yanapanda, majibu yanatoka sahihi. Ijumaa wakipewa hesabu za aina ileile kwenye daftari, zaidi ya nusu wanakosa. Akauliza: "Hivi vitendo vinasaidia, au tunacheza tu?"

Walimu wengi wa madarasa ya chini wamejiuliza hivyo kimoyomoyo na kunyamaza. Tangu mtaala wa KKK uanze kutumika mwaka 2015, msisitizo wa kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa zana na vitendo uko kila mahali: kwenye kiongozi cha mwalimu, kwenye semina, kwenye maswali ya wathibiti ubora wa shule. Anayetia shaka huonekana mvivu. Huyu mwalimu si mvivu hata kidogo, na ndiyo maana swali lake lilinigusa. Tukakubaliana niende darasani kwake, nikae nyuma, kisha anipe madaftari niyapitie.

Darasa lina watoto 74, mkondo mmoja, chumba kimoja. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 45, lakini tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 shule nyingi za serikali zimejaa na hii ni mojawapo. Dawati moja lina watoto watatu, mengine wanne. Kipindi ni dakika 30. Kwa ajili ya Alhamisi mwalimu alikuwa ameunganisha vipindi viwili, na mwalimu mkuu alimruhusu.

Zana zake zilikuwa vizibo vya soda, ndoo mbili zimejaa. Watoto waliviokota madukani na kwa mama ntilie, vikaoshwa, na vile vyenye ncha kali vikapondwapondwa kwa nyundo visikate vidole. Alhamisi niliyokuwapo, vikundi kumi na moja vilikaa kuzunguka madawati, viranja wakapita na ndoo, kila kikundi kikapewa rundo. Mwalimu akaandika ubaoni 42 − 17. Watoto wakaanza kuhesabu vizibo kimoja kimoja mpaka 42. Hapo ndipo muda ulipokwenda. Kikundi cha karibu nami kilifika 36, mtoto mmoja akapiga chafya, wakapoteza hesabu, wakaanza upya. Wakaondoa 17, wakahesabu vilivyobaki, wakanyoosha mikono. Darasa zima kwa sauti moja: "Ishirini na tanoo!" Makofi. Hesabu ya pili. Katika dakika 60 zilifanyika hesabu nne, na hakuna mtoto aliyeshika penseli.

Watoto walifurahi kweli, nami nilifurahi kuwatazama.

Madaftari

Mwalimu alikuwa na maelezo yake kuhusu Ijumaa: watoto ni wengi mno, wengine hawana usikivu, wengine nyumbani hakuna anayewaangalizia kazi. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini nilipoyapanga madaftari ya Ijumaa mezani, makosa hayakufanana na ya watoto wasiosikiliza. Mtoto asiyesikiliza hukosea ovyo: hapa 19, pale 44, kwingine kaacha wazi. Hawa walikosea kwa nidhamu:

42 − 17 = 35
53 − 28 = 35
61 − 34 = 33
50 − 23 = 33

Ukurasa baada ya ukurasa, majibu yaleyale. Hesabu kama 68 − 25, ambazo mamoja yanatosha bila kukopa kwenye makumi, zilikuwa sahihi karibu zote. Maana yake watoto hawa wana kanuni, na wanaifuata bila kuyumba: katika kila safu, toa tarakimu ndogo kwenye kubwa. Mbili na saba? Saba toa mbili, tano. Nne na moja? Tatu. Jibu 35.

Kanuni hiyo hawakuiokota njiani. Darasa la kwanza, mtoto akiuliza itakuwaje akitoa 7 kwenye 2, tunamjibu kwa nia njema kabisa: "Huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo." Mtoto anabaki na sentensi hiyo. Mwaka unaofuata anakutana na 2 juu na 7 chini, anakumbuka kwamba haiwezekani, basi anageuza. Ametii alichofundishwa. Ningependa kila mwalimu wa darasa la kwanza awaambie watoto wake "bado hatujafika huko" badala ya "huwezi", maana gharama ya neno hilo moja inalipwa na mwalimu mwingine.

Kilichonishangaza zaidi kilitokea tulipomwita mtoto mmoja mezani wakati wa mapumziko. Mtoto mwerevu, anasoma vizuri, mwandiko umenyooka. Tulimpa vizibo, akafanya 42 − 17, akapata 25. Tukamfungulia daftari lake la Ijumaa iliyopita, lile lenye 35.

"Hapa umepata ngapi?"

"Ishirini na tano, mwalimu."

"Na hapa?"

"Thelathini na tano."

"Sasa jibu lenyewe ni lipi?"

Akaangalia vizibo, akaangalia daftari, akajibu bila wasiwasi: "Yote, mwalimu. Hili la vizibo, hili la daftari."

Hakuona tatizo lolote. Kwake hizo zilikuwa hesabu mbili, kila moja na siku yake na utaratibu wake.

Jambo hili si la Pangani peke yake. Uingereza, miaka ya 1980, Kathleen Hart na watafiti wenzake waliwafuatilia watoto waliofundishwa kanuni za hesabu kwa kutumia vitu vya kushika, wakakuta wengi wao hawaoni uhusiano kati ya kile walichofanya kwa vitu na kile walichoandika baadaye. Hayo ni madarasa yaliyokuwa na vifaa vya kununuliwa na watoto wachache kuliko 74. Tukijifariji kwamba shida yetu ni umaskini wa zana, tutatafuta zana zaidi na shida itabaki palepale.

Mkono ulifanya hesabu nyingine

Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki. Mtoto anayehesabu vizibo kimoja kimoja mpaka 42 hakutani na makumi manne hata mara moja. Anakutana na mamoja arobaini na mawili. Akiondoa 17, anaondoa mamoja kumi na saba. Hakuna mahali ambapo mamoja hayatoshi, kwa sababu rundo lote ni mamoja. Ule ugumu wa kutoa 7 kwenye 2, ambao ndio somo lenyewe la wiki hiyo, haukuwamo kabisa kwenye vizibo. Kwenye daftari ukamkabili peke yake, bila msaada wowote kutoka Alhamisi.

Kwa hiyo jibu nililompa mwalimu ni hili: kitendo kilikuwa sahihi, ila kilifundisha kuhesabu, wakati andalio la somo lilisema kutoa kwa kukopa. Mkono na penseli vilifanya hesabu mbili tofauti, na siku mbili tofauti.

Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba ujuzi huingia kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa picha, na kwa alama. Singapore ilipopanga upya ufundishaji wa hisabati shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliifuata njia hiyo, kitu halisi kwanza, halafu mchoro, halafu tarakimu. Walimu wetu wengi wamefundishwa hatua hizi chuoni, lakini tunavyozitumia ni kama mtoto akishatenda, alama zitakuja zenyewe. Haziji zenyewe. Lazima pawe na wakati ambapo kitendo kimoja na alama moja vinatokea pamoja, mtoto akiviona vyote viwili.

Nitaje jambo moja pembeni, kwa sababu mwalimu wa kusoma wa darasa hilohilo alikuwapo kwenye mazungumzo na akauliza mbona kadi zake za silabi hazina shida hii. Ni kweli hazina. Mtoto akishika kadi ya "ba" na kadi ya "ta", akaziweka pamoja kupata "bata", herufi zilizoko mkononi ndizo herufi atakazoziandika. Zana imebeba alama yake mgongoni. Kizibo hakikubeba chochote. Kwa hiyo mafanikio ya zana za kusoma hayatoshi kutuhakikishia kwamba zana za hisabati zitafanya kazi kwa namna ileile.

Chelewa na tyubu

Tulihitaji zana inayomlazimisha mtoto akutane na kumi kama kitu kimoja, na akihitaji mamoja zaidi, imbidi akifungue kitu hicho. Pwani jibu liko kwenye kila ua: chelewa, zile za kufagilia. Chelewa moja ndefu hutoa vijiti vitano au sita vya urefu wa kidole kirefu. Wanafunzi wa darasa la sita walivikata mchana mmoja wa kazi za mikono, na ncha zikasuguliwa kwenye sakafu ya saruji zisichome. Za kufungia, fundi baiskeli alitoa tyubu kuukuu bure, ikakatwa pete nyembamba kwa mkasi. Tulifikiria kamba za migomba, lakini mtoto wa miaka saba kufunga fundo kunamchukua dakika nzima. Pete ya tyubu inavutwa na kuvikwa mara moja, na muhimu zaidi, inavuliwa mara moja.

Watoto walipangwa wawili wawili, jozi 37. Kila jozi ilipewa vijiti 60 na pete, vikatiwa kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo, chupa ikawekwa alama ya dawati. Ukizidisha ni vijiti 2,220, idadi inayotisha kwa kuitaja, ila ilitoka kwenye mafagio machache. Na kwa kuwa kila jozi ina chupa yake, zile dakika za kugawa na kukusanya zikatoweka. Naamini badiliko hili dogo lilisaidia karibu sawa na zana yenyewe. Katika darasa la watoto 74, zana inayochukua dakika kumi kugawiwa ni zana itakayotumika mara moja kwa wiki tu, na hivyo ndivyo Alhamisi ya vitendo ilivyozaliwa.

Alhamisi ikavunjwa, vitendo vikasambaa wiki nzima, kila siku kidogo, vikishikana na kuandika. Jumatatu watoto hawakutoa chochote. Walifunga. Mwalimu anataja 34, jozi inaweka mafungu matatu upande wa kushoto na vijiti vinne kulia, inasema "makumi matatu na mamoja manne", kisha inaandika 34 chini yake, tarakimu ya 3 chini ya mafungu, ya 4 chini ya vijiti. Kazi nyepesi, na ilifichua mambo. Sauti ya pamoja ya darasa ilikuwa imewaficha watoto kadhaa ambao hawajui kuhesabu kupita kumi na tisa. Mmoja alihesabu kwa ujasiri: "kumi na nane, kumi na tisa, kumi na kumi." Mtoto huyo alikuwa akipiga makofi kila Alhamisi pamoja na wenzake. Wako saba au wanane wa namna hiyo, na mwalimu aliwatenga kwa dakika chache kila asubuhi kabla ya kipindi, wafunge mafungu na kuhesabu tu. Kuwapa kutoa kwa kukopa kungekuwa kuwaonea.

Jumanne ikaja 42 − 17. Mafungu manne, vijiti viwili. "Ondoa saba." Kimya kikatanda, kimya kizuri cha watoto wanaofikiri. Jozi nyingi zilitazama vile vijiti viwili kama zimeibiwa. Halafu mambo yakaanza kutofautiana, na hapa mwalimu alihitaji moyo.

Wengine walivua pete, wakamwaga kumi, wakapata kumi na mbili, wakaondoa saba. Ndivyo andalio lilivyotarajia. Lakini jozi moja mbele iliondoa vile viwili kwanza, kisha ikachomoa vijiti vitano kutoka kwenye fungu bila kulifungua, ikaacha fungu lenye pete likiwa na vitano ndani. Kisha ikaondoa fungu zima moja. Jibu 25, sahihi kabisa. Jozi nyingine ilianza kwa kuondoa fungu moja, ndipo ikahangaika na saba. Nayo ikafika 25.

Mwalimu alitaka kuwazuia. Alisogea kuwaambia "si hivyo", nikamwomba asubiri. Kuchomoa vitano kutoka kwenye fungu ni kuona kwamba saba ni mbili na tano, na mtoto anayeona hivyo bila kuambiwa anafikiri vizuri kuliko kanuni tunayotaka kumpa. Ukimzuia, utamfundisha kwamba hesabu ni kumtii mwalimu. Tulichofanya ni kuwaita waonyeshe mbele, darasa likahakikisha kwamba jibu ni lilelile, kisha mwalimu akasema: leo tutaandika kwa njia ya kuvua pete, kwa sababu ndiyo tunayoweza kuiandika kwa safu. Walikubali bila shida. Watoto hawagomi kufuata njia moja, mradi yao haikudharauliwa.

Penseli haitangulii mkono

Jumatano ndiyo siku ninayoithamini kuliko zote. Katika kila jozi mmoja alikuwa mkono, mwenzake penseli. Mkono anashika vijiti tu, haandiki. Penseli anaandika tu, hagusi vijiti. Na sharti ni moja, mwalimu alilirudia mpaka watoto wakawa wanalisema wenyewe: penseli haitangulii mkono, na mkono haufanyi la pili mpaka la kwanza limeandikwa.

Mkono anavua pete ya fungu moja. Simama. Penseli anakata 4, anaandika 3 juu yake. Kwa nini 3? Kwa sababu mafungu yamebaki matatu, hayo hapo. Mkono anasogeza vijiti kumi upande wa mamoja. Simama. Penseli anageuza 2 kuwa 12. Mkono anaondoa saba. Penseli anaandika 5. Mkono anaondoa fungu moja. Penseli anaandika 2. Kisha wanabadilishana nafasi kwa hesabu inayofuata.

Ile 3 ndogo juu ya 4 iliyokatwa, ambayo kwa miaka mingi watoto wameinakili ubaoni kama pambo la hesabu za darasa la pili, sasa ilikuwa na pete ya tyubu mezani iliyovuliwa. Nilimsikia msichana mmoja, zamu yake ya penseli, akimgombeza mwenzake: "Usivute viwili, bado sijaandika!" Mgongano ule kati ya vizibo na daftari ulikuwa hauwezi kutokea tena kwenye jozi hiyo, kwa sababu yule anayeandika alikuwa anaandika kile anachokiona.

Katika kipindi cha dakika 30 zilifanyika hesabu mbili, au tatu kwa jozi zilizo nyepesi. Mwalimu wa taaluma alipopita na kuona daftari lenye hesabu mbili aliuliza, kwa haki kabisa, azimio la kazi litakamilika lini. Mada iliyopangiwa wiki moja ilichukua tatu. Kwa maoni yangu wiki hizo mbili za ziada hazikupotea, kwa kuwa kila hesabu ya kutoa iliyobaki katika maisha ya shule ya mtoto huyu imesimama juu ya hatua hiyo. Lakini sitaki kumfanya mwalimu wa taaluma aonekane mkorofi. Yeye ndiye anayeulizwa na Afisa Elimu Kata. Mwalimu alimwonyesha madaftari ya zamani na mapya bega kwa bega, akaomba mada ya vipimo isogezwe mbele. Ikasogezwa.

Siku zilizofuata vijiti vilibaki kwenye chupa na watoto wakachora: mstari mrefu kwa fungu, nukta kwa kijiti. Anayekopa anafuta mstari mmoja na kuchora nukta kumi. Mwishoni mwa wiki waliandika tarakimu peke yake, chupa ikiwa juu ya dawati kwa ajili ya mabishano. Mwalimu aliandika ubaoni 42 − 17 = 35 na kuuliza nani anakubali. Mikono kadhaa ilinyooshwa. Hakusema wamekosea. Aliwaambia wathibitishe kwa vijiti, na wenyewe wakarudi wakisema jibu la ubaoni si kweli. Swali la aina hii, la kumpa mtoto jibu lililokosewa alihukumu kwa zana, lina nguvu kuliko mazoezi ishirini ya kawaida, na halihitaji hata karatasi.

Palipogoma

Sifuri iligoma. Katika 50 − 23 hakuna kijiti hata kimoja upande wa mamoja, na watoto waliokuwa wameshazoea kugeuza 2 kuwa 12 walibaki wamekwama, au waliacha 0 kama ilivyo na kuandika 3. Wengine walivua pete vizuri, wakaondoa vitatu, wakaona saba mezani, na bado penseli ikaandika 33. Kanuni ya zamani ilikuwa imerudi kupitia mlango wa sifuri. Mwalimu aliirudisha jozi kwenye mkono na penseli kwa siku mbili, akiwa na hesabu za sifuri tu: 50, 40, 30. Makosa yalipungua, ingawa kwa baadhi ya watoto hayakuisha.

Palikuwa pia na jaribio la duka la darasa, kwa sababu watoto wa hapa wanatumwa dukani na wanajua chenji vizuri. Wazo lilikuwa zuri, noti ya shilingi 1,000 ivunjwe kuwa sarafu kumi za 100. Lakini duka halisi halivunji hivyo. Mtoto akivunja elfu anarudi na sarafu ya 500, mbili za 200 na moja ya 100, na ndivyo watoto walivyofanya, kwa sababu wanajua maisha. Hakuna kumi hapo. Nilishauri pesa zisubiri mpaka kufungua na kufunga makumi kumekaa sawasawa, na mwalimu akakubali. Kuna wenzetu wanaolipenda duka la darasa na sina ugomvi nalo kwa kujumlisha au kwa kusimulia hadithi za hesabu, ila kwa somo hili linavuruga.

Kuhusu zile ndoo mbili za vizibo, hazikutupwa. Zimepelekwa darasa la kwanza, ambako kuhesabu kimoja kimoja ndiyo kazi yenyewe, na huko vinafaa sana.

Sasa darasa linaingia kwenye mamia, na vijiti 60 kwa jozi havitoshi kwa hesabu kama 302 − 145, ambayo inadai kufungua mia ili upate makumi, kisha kufungua kumi moja ili upate mamoja, na katikati kuna sifuri. Kukata vijiti vya mamia kwa jozi 37 hakuwezekani. Mwalimu ameamua kutengeneza seti moja kubwa ya mbele: mafungu kumi yanakusanywa na kufungwa kwa pete pana ya tyubu ya pikipiki kuwa mia. Watoto wawili watasimama mbele kama mkono na penseli ya ubaoni, na waliobaki watachora kwenye madaftari, mraba kwa mia, mstari kwa kumi, nukta kwa moja, wakisimama kila mkono unaposimama. Fundi ameshatoa tyubu. Seti ya mia tatu imekamilika, na hesabu ya kwanza itakuwa nyepesi, 230 − 118, ili pete moja tu ivuliwe.